Utafiti wa Kyela Walipiwa na Nani?

Katika makumbusho ya viumbe mjini Berlin wamehifadhiwa samaki waliovuliwa katika Ziwa Nyasa zaidi ya miaka 120 iliyopita, pande za Langenburg ya zamani, chini ya milima ya Livingstone. Aliyewakusanya alikuwa mganga wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, aliyekaa pande zile mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1926 mwanazuoni mmoja wa Berlin, Ernst Ahl, alimwandika mmoja wa samaki hao na kumpa jina la yule mganga. Na tangu hapo samaki ambaye wavuvi wetu walimjua tangu enzi za mababu aitwa, katika vitabu vya dunia nzima, Labeotropheus fuelleborni. Leo huuzwa Ulaya na Marekani akiwa hai, apate kuogelea ndani ya vioo na kupamba vyumba vya wenye nafasi.

Sisemi haya kwa kumlaumu marehemu Fülleborn. Alikuwa mtafiti hodari, na aliporudi kwao akawa bingwa wa magonjwa ya nchi za joto huko Hamburg, na miongoni mwa aliyoyachunguza ni jamii ya minyoo iletayo matende. Jambo ambalo, kama tutakavyoona, linaihusu sana Kyela. Alitumwa na dola yake, akalipwa na dola yake, na alichokipata akakipeleka kwa dola yake. Hivyo ndivyo ulivyo mwendo wa utafiti popote duniani. Jambo la kujiuliza ni jingine: baada ya zaidi ya miaka 60 ya Uhuru, ni nani alipiaye maswali yaulizwayo katika pwani ile ya kaskazini ya Nyasa?

Kyela ni nchi ya maji. Mvua yake ni miongoni mwa zile zilizo nyingi kabisa katika Tanzania, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani na kuingia ziwani, ikiacha nyuma yake udongo mweusi wa mpunga na migomba, na mara nyingine ikiacha nyumba zilizobomoka. Mto Songwe huhama njia yake, ukawafanya watu wasijue vema mpaka wetu na Malawi umelala wapi mwaka huu. Katika nchi ya namna hiyo mtu hawezi kuishi kwa kubahatisha. Ahitaji kujua: maji yatapanda lini, mbegu ipi itastahimili, samaki wamekwenda wapi, na kwa nini mguu wa jirani umevimba.

Na tuanze na mguu huo, maana hapo pana kisa ambacho kila mwananchi apaswa kukijua.

Kwa vizazi vingi matende na mabusha yalikuwa sehemu ya maisha ya watu wa ukingo wa Nyasa. Ugonjwa huu huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, uenezwao na mbu, ambao hukaa mwilini kwa miaka mingi kabla mguu au korodani hazijaanza kuvimba. Mwenye kuupata hafi upesi. Hudhoofika, huona haya, huacha kulima, huacha kwenda sokoni. Ugonjwa wa namna hii haupigi kelele, na kwa kuwa haupigi kelele ulikaa muda mrefu bila kupata fungu lake katika bajeti.

Kati ya mwaka 2006 na 2011 ulifanyika katika Mkoa wa Mbeya uchunguzi mkubwa wa afya ya watu, Kyela ikiwamo. Waliouendesha ni watafiti wa kituo cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, na fedha ilitoka Ulaya. Kila mwaka walirudi katika kaya zilezile, wakapima watu walewale, wakachukua damu na kuitunza katika majokofu. Shabaha yao ilihusu zaidi Ukimwi. Baadaye, damu ile iliyotunzwa ilipopimwa upya kwa ajili ya mnyoo wa matende, likaonekana jambo ambalo dunia haikuwa imelithibitisha: mtu wa Kyela mwenye mnyoo ule mwilini alikuwa katika hatari ya kupata virusi vya Ukimwi zaidi ya mara mbili ya yule asiye nao, na hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet, ambalo waganga wa mataifa yote hulisoma.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Damu ya mkulima wa mpunga wa Kyela imewafundisha waganga wa dunia kitu kipya. Tena haikuwa bahati tu; ilitokana na uvumilivu wa kurudi mlangoni pa mtu yuleyule mwaka hata mwaka, na kutokuzima jokofu.

Nchini Serikali ilikuwa imekwisha kuanza, mwaka 2009, kugawa dawa Kyela kwa watu wote, wagonjwa na wazima, mara moja kwa mwaka. Dawa zenyewe, ivermectin na albendazole, hutolewa bure na makampuni yanayozitengeneza. Mwanzoni mwa kazi hiyo, katika vijiji vilivyopimwa, mnyoo ulionekana kwa karibu theluthi moja ya watu wazima na vijana. Ilipofika mwaka 2019 walibaki chini ya wawili katika kila mia. Sijui kama kuna ushindi mwingine katika wilaya ile, katika muda mfupi kama huo, ulioweza kuwapunguzia watu mateso kwa kadiri hiyo. Na ajabu ni kwamba haukuimbiwa wala kuchezewa ngoma.

Haya basi. Dawa ni zawadi. Fedha ya utafiti ilitoka nje. Na swali lenyewe la matende lilijibiwa kwa kupitia mlango wa nyuma wa swali jingine, ambalo wafadhili walilipenda zaidi. Je, kama wafadhili wasingalijishughulisha na Ukimwi katika Mbeya, nani angalichukua ile damu? Na sasa ugonjwa umekaribia kwisha, hapo ndipo ulinzi unapotakiwa zaidi, maana mnyoo uliobaki katika watu wachache waweza kurudi katika wengi. Lakini ugonjwa unaokwisha hauvuti tena mfadhili.

Kwamba mfuko wa mtu mwingine waweza kufungwa kwa siku moja si jambo la kukisia. Mwezi Januari 2025 Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai mwaka huohuo shirika lake la USAID lilikuwa limevunjwa. Katika nchi nyingi za Afrika kazi zilikatika katikati. Watumishi waliamka asubuhi hawana kazi, na vipimo vilivyokwisha kuanza vikakosa wa kuvimaliza. Fedha ilikuwa yao. Aliyekosa ni yule aliyejenga nyumba yake yote juu ya uwanja wa kuazima.

Tugeuke tulitazame ziwa. Nyasa ina eneo la kilometa za mraba 29,600 hivi, na kina chake chafika mita 700. Chini ya mita 250 hivi hamna hewa ya kumtosha samaki, kwa hiyo uhai wote wa ziwa lile kuu umebebwa na tabaka la juu. Wataalamu wanahesabu humo samaki wa namna zaidi ya 800, na wengi wao hawaonekani popote pengine ulimwenguni. Lakini kwa mfanyakazi wa Kyela majina mawili ndiyo yaliyo mezani kila siku: usipa na mbasa. Usipa ni dagaa wa ziwa. Mwaka mmoja hujaa hata wakakosa mnunuzi, na mwaka wa pili nyavu hurudi nyeupe. Mbasa ni samaki mkubwa mwenye heshima, ambaye wakati wa mvua hupanda mitoni kutaga mayai. Na kwa kuwa hupanda kwa wakati unaojulikana, kupitia midomo ya mito inayojulikana, adui yake hana haja ya kumtafuta. Atandaza wavu mdomoni pa mto akaketi kumngoja. Mito nayo huchafuliwa na tope la mashamba yaliyolimwa hadi kingoni.

Taasisi yetu ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na mojawapo ya vituo vyake kipo Kyela. Inafaa kukumbuka asili ya jambo hili. Zamani utafiti wa namna hii uliendeshwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Samaki wa maji baridi makao yao ya utafiti yalikuwa Jinja, na kilimo kilikuwa na makao yake Muguga. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na viraka vyake. Ndipo tukaunda taasisi ya magonjwa mwaka 1979 na ya uvuvi mwaka uliofuata, katika miaka ambayo hazina yetu ilikuwa imetoka vitani na mafuta yalikuwa ghali. Taasisi zile zilizaliwa katika njaa.

Kwa hiyo si ajabu kwamba uchunguzi mkubwa wa Ziwa Nyasa uliofanywa baadaye ulifuata fedha ya wengine. Kati ya 1991 na 1994 Waingereza waligharimia upimaji wa samaki wa maji ya kina kwa niaba ya nchi tatu zenye ziwa, na meli ya utafiti iliyotumika ikaitwa Usipa. Kisha, kuanzia 1995 hadi 1999, ukaja mradi wa viumbe vya ziwa kwa fedha ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia na ya Kanada. Makao ya kazi hizo yalikuwa Senga Bay, Malawi, kusini mbali na Itungi. Yaliyoandikwa ni mema, na hadi leo hutajwa. Lakini miradi ya miaka mitatu au minne ina ada yake: huja na magari, hufanya semina, huandika kitabu kinene, kisha huondoka. Samaki hawaondoki, wala mvuvi. Mwenye kutaka kujua kama mbasa wanapungua hana budi kuwahesabu mwaka huu, na mwaka ujao, na miaka 20 baadaye, kwa mizani ileile na katika mito ileile. Hesabu iliyofanywa mara moja ni picha tu, haimwambii mtu mambo yanaelekea wapi. Na kazi hii si ya gharama ya kutisha. Ni kijana mwenye daftari katika kila mdomo wa mto, mashua moja, mafuta ya mashua, na mtu wa kuyasoma madaftari hayo mwisho wa mwezi. Kinachotakiwa ni kwamba fedha yake isikatike.

Hapa ndipo wafadhili wasipoweza kutusaidia hata wakitaka. Hakuna mfadhili aahidiye miaka 20. Ahadi ya namna hiyo huweza kutolewa na Serikali peke yake, maana Serikali ndiyo itakayokuwapo.

Mpunga wataka maneno machache. Mchele wa Kyela una jina katika masoko yote ya nchi. Wafanyabiashara wasio waaminifu huuchanganya na mwingine na bado huuita wa Kyela, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko cheti. Watafiti wetu walikwisha kutoa mbegu ya TXD 306, ijulikanayo kama SARO 5, yenye mavuno mengi katika mashamba ya kumwagilia. Lakini jina SARO lenyewe lasema kwamba harufu yake ni nusu. Mkulima wa Kyela, alimaye kwa mvua, ameshikilia mbegu zake za Kilombero, Zambia na Supa kwa sababu harufu ndiyo inayomlipa. Si mkaidi; amepiga hesabu yake. Zanzibar mwaka 2011 ilitoa Supa BC, iliyopatikana kwa kuipiga Supa mionzi, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Msaada ulitoka nje, ndiyo, lakini swali lilitoka Zanzibar: jinsi ya kuibakiza Supa ikiwa Supa, huku ikistahimili ukame na kuzaa zaidi. Hiyo ndiyo namna ya kupokea msaada bila kuuza swali.

Kakao je? Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela. Mwisho wa mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 12,000 kwa tani, na wakulima wetu wakaonja fedha ambayo hawakuwahi kuiota. Mwaka 2025 bei ikateremka sana. Sababu mojawapo ya bei ile kupanda ni mavuno mabaya ya Ghana na Ivory Coast, kutokana na hali ya hewa na maradhi ya mikakao, likiwamo lile livimbishalo matawi. Maradhi hayo yalithibitishwa kuwa ni ya kirusi katika kituo cha Tafo, Ghana, kilichoanzishwa mwaka 1938. Na ukiuliza kwa nini Ghana ina kituo cha kakao cha umri huo, jibu ni kwamba kakao ilifanywa ilipie utafiti wake. Kwetu kahawa ina taasisi yake Lyamungu, ambayo wakulima huichangia. Korosho ina Naliendele. Kakao haina taasisi iliyobeba jina lake. Minada inafanyika, tozo zinakatwa, na mkulima ana haki ya kuuliza ni senti ngapi katika tozo hizo zinarudi kumtazama mkakao wake kabla maradhi hayajafika.

Sasa tuseme juu ya mfuko wa Taifa wenyewe. Tanzania haikuchelewa kufikiri. Baraza la utafiti wa sayansi liliundwa kwa sheria ya mwaka 1968, na mwaka 1986 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ambayo baadaye ikapewa na mfuko. Katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 wakuu wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na neno hilo likarudiwa katika mikutano ya Umoja wa Afrika mwaka 2006 na 2007. Rais Jakaya Kikwete naye aliliahidi. Lakini kwa hesabu zilizochapishwa na UNESCO, mwanzoni mwa miaka ya 2010 tulikuwa tumefika nusu tu ya asilimia hiyo. Na katika kila shilingi 100 zilizotumika kwa utafiti nchini mwaka 2010, shilingi 42 zilitoka nje. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika sheria yao ya mwaka 2013 kwamba watatoa asilimia 2. Hawajazitoa. Sheria ni karatasi, na karatasi haiweki mafuta katika mashua.

Wako wasemao: tuna madarasa yasiyo na madawati na zahanati zisizo na dawa, mtawezaje kutaka fedha ya watu wa darubini? Hoja hii hutolewa na watu wema, na haifai kudharauliwa. Lakini hebu waitazame Kyela. Kabla ya vidonge vile vya kila mwaka, zahanati ngapi zingaliweza kuwatibu watu ambao mmoja katika kila watatu alikuwa na mnyoo? Hakuna idadi ya vitanda ambayo ingalitosha. Waliojua mnyoo huishije na hufa kwa dawa gani ndio walioipunguzia zahanati mzigo. Na Korea ya Kusini, ambayo mwaka 1966 ilianzisha taasisi yake ya KIST kwa msaada wa Marekani ikiwa bado nchi maskini, haikungoja madawati yote yatimie. Ilipokea fedha ya kigeni, ikauliza maswali yake yenyewe, kisha ikaanza kulipa yenyewe. Leo hutumia karibu asilimia 5 ya pato lake.

Wengine wasema utafiti wetu hukaa kabatini. Hapo wana haki nusu. Mwanamke aanikaye usipa mchangani, naye huona mzigo mzima ukiharibika kwa mvua ya siku mbili, hasaidiwi na kitabu kilichoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Anataka kichanja au banda la kukaushia lililojaribiwa katika mvua ya Kyela, si katika jua la mahali pengine, na fundi wa mjini Kyela wa kumtengenezea. Tangu mwaka 2019 Serikali imekuwa ikiendesha mashindano ya kitaifa ya wabunifu, MAKISATU, na ni jambo la kusifiwa. Lakini mbunifu apewaye kikombe na kupigwa picha, kisha akarudi nyumbani bila mtaji wa kujaribu chombo chake kwa misimu miwili, amepewa heshima pasipo kazi.

Bunge la Bajeti huketi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kila mfanyakazi wa ofisi ajua kwamba fedha iliyopitishwa na fedha iliyofika ni ndugu wasiofanana, na kwa sababu hiyo kuuliza juu ya asilimia hakutoshi. Mwanachama wa Kyela na aulize kwa shilingi na kwa miezi. Katika mwaka uliopita, kituo cha samaki kilipata mafuta ya mashua kwa miezi mingapi? Uyole walipokea kiasi gani kwa ajili ya mpunga wenye harufu na kwa ajili ya kakao, na kilifika mwezi gani, kabla ya kupanda au baada ya kuvuna? Na umeme wa majokofu ya Mbeya, yenye damu ya watu wetu, unalipwa kutoka fungu gani? Maswali hayo yanaenea katika karatasi moja, nayo yafaa akabidhiwe mbunge kabla hajaondoka kwenda Dodoma.